Nyimbo Nilizozirudisha Lusewa

Tangu nirudi, kila anayeniletea suruali ya kupunguza ananiuliza jambo lile lile: fundi, redio yako ina nini? Haina kitu. Ni nzima, betri mpya nimeweka mwenyewe, na taarifa ya habari inakamata vizuri tu. Kisichokuwepo ni ile kaseti, na ninyi mliokuwa mkija kukaa kibarazani kwangu hapa Bombambili, Songea, mnaijua ninayoisema. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku nimebana pini mdomoni, kwa hiyo nimeamua kuandika yote kwa mara moja. Mwenye haraka achukue nguo yake aende zake.

Mwaka mzima kwenye cherehani

Safari yenyewe ilikuwa ya siku sita, lakini siwezi kuianzia stendi. Sehemu yake ya kwanza niliisafiri nikiwa nimekaa.

Mke wangu alifariki mwezi wa tisa, kabla mvua hazijaanza. Mlinisaidia kuzika, mlilala kwangu siku zote za matanga, kisha mkarudi makwenu kama inavyopasa, nikabaki na nyumba. Watoto hatukujaliwa. Nikagundua kwamba siwezi kusikiliza muziki wowote. Kwaya ilinishinda, maana yeye alikuwa sauti ya pili, na kila nikisikia sauti ya pili nilikuwa namtafuta humo ndani. Dansi ndiyo usiseme. Kuna nyimbo tulizozicheza pamoja, na nyingine zilikuwa zinapigwa siku tulizogombana, na redio haikuulizi kama uko tayari. Hata vipindi vya salamu vilinikera: watu wanasalimiana kutwa nzima kana kwamba hakuna aliyekufa! Nikazima. Miezi mitatu nilishona kimya.

Wiki moja kabla ya Noeli nilipita sokoni kununua uzi, nikamkuta mtu wa makamo amekumbatia redio kaseti, anaiuza haraka haraka maana basi lake la kwenda Dar es Salaam lilikuwa linapakia. Tangu biashara iwe huria vitu vya namna hiyo vimejaa, wala mimi sikuwa na haja nacho. Niliinunua kwa sababu alinisihi sana, na mimi siku zile sikuwa na nguvu ya kumkatalia mtu. Nilipofika nyumbani nikakuta ndani yake kuna kaseti, haina jalada wala maandishi. Nikabonyeza.

Ninyi mliisikia baadaye, lakini siku ile nilikuwa peke yangu. Sauti ya mama mtu mzima, nzito, yenye mikwaruzo. Wanawake wawili au watatu wanamwitikia. Ngoma ndogo, labda debe. Katika wimbo wa pili jogoo anawika, na mwisho wa wimbo wa nne yule mama anakohoa mara mbili kabla ya kuendelea. Lugha ni Kiyao. Hilo nililijua kwa mbali tu, kama unavyosikia harufu ya mboga ya jirani bila kujua kaiunga na nini. Neno hata moja sikulielewa. Na hapo ndipo nilipopata nafuu, jamani, sitaki kuwaficha. Mke wangu hakuwemo mle ndani.

Basi ukawa ndio mwaka wangu. Asubuhi upande wa kwanza, nikiwa nakata. Mchana upande wa pili, nikiwa kwenye cherehani. Jioni narudia upande wa kwanza mpaka betri zinalegea na yule mama anaanza kuimba kama mlevi. Hapo nazitoa, kesho yake naziweka juani zipate nguvu. Miezi ya mwanzo nilisikiliza ngoma tu, maana ilikwenda vizuri na mguu wa cherehani. Ilipofika Pasaka nilikuwa nawaitikia wale wanawake. Kufikia kipupwe nilizijua nyimbo zote tisa, kwa mfuatano wake, na jogoo wake. Wimbo wa nne ndio nilikuwa naulilia. Kila siku, saa nne hivi asubuhi, machozi yalinitoka mpaka nikisogeze kitambaa kando kisilowe, kisha nachemsha chai. Kazi nayo ilikuwa inapungua. Magauni mapya niliyoshona mwaka ule yanahesabika. Yaliyobaki yote ni mitumba ya kubana na kuongeza. Ninyi mkanisikia naimba, mkasema fundi amepona. Sikuwa nimepona, nilikuwa nimejificha tu, na nilipajua vizuri pale nilipojificha.

Noeli nyingine ilipokwisha kupita, akaja Mama Hadija. Huyu ni mke wa mwalimu aliyehamishiwa hapa mjini. Yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Lusewa. Alileta gauni la kuongezwa kiunoni, maana ni mjamzito. Akanyoosha mkono kunipa, mkono ukaishia hewani.

"Fundi, zima."

"Subiri kidogo mama, wimbo huu ukiisha..."

"Nimesema zima! Astaghafirullahi. Zima kabla hajapita mtu mwingine."

Nikazima. Alikaa kwenye benchi akajifunika uso kwa upindo wa khanga. Nilidhani ni mimba inamsumbua, nikamletea maji. Hakuyanywa.

"Unajua hizo ni nyimbo gani?"

"Za Kiyao."

"Za unyago, fundi. Zinaimbwa ndani, wanawake watupu, wakati wa kuwafunda wasichana. Mwanamume hazisikii. Mume wangu nimezaa naye watatu na hajawahi kusikia hata mstari mmoja. Wewe unazipiga barabarani, wauza maandazi wanatingisha vichwa!"

Sikujua niweke wapi uso. Akaniambia mengine kwa sauti ya chini. Sauti ile ni ya Bi Somoe, nyakanga wa kwao, yaani mama anayeongoza unyago. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, binti yake Asumini alimwomba akubali kurekodiwa ili azishike nyimbo kabla ya uzee kuzichukua. Kaka yake Asumini akaibeba ile redio iliyorekodia bila kumwambia mtu, akaja kuiuza Songea, na kaseti ikiwa ndani. Wanawake wakubwa wa kule walisema Asumini ndiye aliyezitoa nyimbo nje, asikanyage tena nyumba ya unyago mpaka azirudishe. Miezi miwili baadaye Bi Somoe akapatwa na kiharusi. Yu hai, anasikia kila kitu, ila hasemi.

"Baada ya mavuno kuna wasichana wa kuchezwa unyago," alisema Mama Hadija, "na hakuna mwenye nyimbo zote."

"Basi nitampa dereva wa lori aipeleke."

"Dereva si mwanamume? Ataipiga kabla hajafika Namtumbo."

"Peleka wewe, mama."

"Na tumbo hili?" Akasimama. "Wewe ndiye uliyezisikia, wewe ndiye wa kuzirudisha. Na usiipige tena. Niahidi."

Nikaahidi. Usiwasimulie watu njiani, akaongeza, nikaahidi na hilo pia.

Songea hadi Namtumbo

Kaseti niliifunga ndani ya khanga ya marehemu, ile ya zambarau, nikaiweka kifuani chini ya koti. Basi la asubuhi liliondoka adhuhuri. Nilikaa na mzee mmoja mkulima wa tumbaku, mtu wa maneno mengi na meno machache, ambaye kabla hatujavuka nyumba za mwisho za mji alikwisha kuniona nikiishika ile khanga kila basi linaporuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unakwenda wapi na khanga ya mwanamke?"

"Lusewa. Napeleka mzigo wa watu."

"Mzigo wa watu!" Akacheka mpaka akakohoa. "Sema unakwenda kuposa, baba, hapa hakuna mtoto mdogo."

Nilikataa. Kadiri nilivyokataa ndivyo alivyozidi kuamini, na kwa kuwa nilikuwa nimeapa kutosema, sikuwa na namna. Akaanza kunifundisha. Ukifika usiingie moja kwa moja, simama nje upige hodi mpaka akujibu mwanamke. Usimtazame mama mkwe usoni. Ukipewa chakula, kula, hata kama umeshiba mpaka shingoni. Nami nikawa naitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee.

Njiani springi ilikatika. Tulishuka, tukakaa kwenye majani ya barabarani huku dereva na utingo wakihangaika na minyororo na kipande cha mti. Mama mmoja alikuwa na maandazi, yakaisha. Mvua ikaja, ikapita, ikarudi. Yule mzee akanimegea embe lake.

"Mke wa kwanza yuko wapi?" aliniuliza.

"Amefariki."

Akanipa na nusu nyingine ya embe, akasema, "Basi fanya hima uoe, baba. Nyumba haina mtu ni mbaya." Nilimshukuru. Kwa kweli hakusema uongo.

Namtumbo

Hapa ndipo penye aibu yangu, na nimefikiria sana kama niwaandikie au niruke. Naandika.

Barabara ya kwenda Lusewa ilikuwa imekatika, lori la mbolea tulilotegemea limeegeshwa limefunikwa turubai, na dereva anasema labda kesho. Kesho ikawa labda kesho. Nilikuwa nashinda kwenye hoteli ya mama mmoja jirani na gesti, ugali maharage mchana, chai na mihogo jioni. Mama huyo alikuwa mchangamfu, na juu ya kabati lake la vyombo alikuwa na redio kaseti kubwa aliyoipenda kuliko wateja. Alipiga dansi. Siku ya kwanza nilivumilia, nikatoka nje mara mbili kujifanya naangalia mawingu.

Siku ya pili, baada ya watu wa mchana kuondoka, tukabaki yeye na mimi. Akaweka kaseti nyingine, na wimbo wa kwanza kutoka ulikuwa ule tuliouchezea harusini kwetu. Siutaji, mnaufahamu. Niliangalia mlango, nje mvua inamwagika mtu hawezi kutoka.

"Mama," nikasema, "samahani. Nina kaseti yangu hapa. Niwekee kidogo tu."

"Ya dini?"

"Ya huko Lusewa."

Akaiweka. Yule mama wa mikwaruzo akaanza, na mimi, Mungu anisamehe, nikafumba macho nikastarehe. Nilijiambia ni mara ya mwisho, na kwamba hapa hakuna mwanamume mwingine zaidi yangu, ambaye nimeshazisikia. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili, na jogoo. Wa tatu. Katikati ya wa nne sauti ikaanza kuzama, ikavutika, ikawa nene, kisha kimya. Mama mwenye hoteli akawahi kubonyeza kitufe. Mkanda ulikuwa umejisokota ndani ya mashine. Badala ya kumwachia yeye aliyeizoea redio yake, nikausogelea nikauvuta kwa vidole hivi hivi vya kushonea. Ukakatika.

Tulihangaika mpaka jioni, yeye na kalamu anazungusha, mimi na sindano nachokonoa. Ulitoka umekunjamana, umekatika sehemu tatu, na kipande kirefu kimesagika kabisa.

"Pole baba," alisema. "Ni kaseti tu, siku hizi zimejaa."

Hapo nililia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya mama wa watu, kwenye hoteli ya watu. Akashtuka. Akaniuliza kama sauti ile ni ya marehemu wangu. Nikatingisha kichwa kukataa. Akauliza sasa ni ya nani? Nikashindwa kumwambia, akabaki ananitazama na kalamu yake mkononi. Akaniletea chai ambayo hakutaka niilipie.

Nilifikiria kurudi Songea. Ningemwambia Mama Hadija nimeibiwa. Nani angejua? Lakini huko mbele kulikuwa na mwanamke amefungiwa mlango na wenzake kwa kosa la kaka yake, anangoja kitu hiki, na aliyekiharibu si kaka yake tena bali ni mimi. Nikaukusanya ule mkanda wote, nikaufunga kwa uzi, nikauweka na kaseti yake ndani ya khanga.

Namtumbo hadi Lusewa

Lori liliondoka siku ya tatu, sisi abiria juu ya mifuko ya mbolea. Lilikwama mara ambazo sikuzihesabu. Tulisukuma, tukakata matawi, tukatandika, tukasukuma tena. Kwenye kijito kimoja likalala ubavu kabisa, dereva akazima injini akawasha sigara, tukajua ndiyo basi. Tulipata hifadhi kijiji cha karibu, wakatupa uji, na asubuhi sisi tuliokuwa na mizigo midogo tukashika njia kwa miguu.

Nilikuwa natembea peke yangu, wenzangu wametangulia, tope hadi kwenye vifundo. Sikujua kama naimba. Nilijua nilipomwona mama mmoja shambani, analima mahindi na binti yake, amenyooka na jembe limebaki juu. Ananitazama. Kisha akamshika yule binti mabega akamgeuza, naye akageuka, wakanipa migongo wote wawili. Nilinyamaza hapo hapo. Sikuthubutu hata kuwasalimia, nikapita nimeinamisha kichwa mpaka kona.

Lusewa

Kwa Bi Somoe hapakuwa pagumu kupapata. Nilifuata mafunzo ya yule mzee wa tumbaku, nikasimama nje nikapiga hodi. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliacha kutwanga.

"Karibu kaka."

"Asante. Habari za hapa?"

"Njema. Za utokako?"

"Njema. Natafuta nyumba ya Asumini."

"Ndiye mimi."

Nikamkabidhi khanga. Aliifungua polepole juu ya kinu, akaona kaseti, akaona na lile furushi la mkanda uliokunjamana lililofungwa uzi. Hakulia. Aliuliza tu, "Imefanywa nini?"

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Soko, mwaka mzima, Mama Hadija, ahadi, Namtumbo. "Niliahidi nisiipige," nikasema, "nikaipiga." Akanipa kigoda, akaingia ndani, kisha akatoka kwenda kuita watu.

Walikuja kina mama watatu wakubwa, wakakaa mkekani, mimi kando na kigoda changu. Aliyekuwa akisema ni Bi Mwanahawa, mkubwa wao, mwembamba, Kiswahili chake cha polepole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetuletea takataka, baba."

"Ndiyo mama."

"Ulizisikiliza mara ngapi?"

"Kila siku. Mwaka mzima."

Mmoja akapiga makofi ya mshangao, "Mwanamume! Loo!" Wakazungumza Kiyao muda mrefu. Niliyaelewa mikononi tu: mmoja ananyoosha mkono barabarani, niondoke, mwingine ananyoosha ndani, alikolala mgonjwa. Asumini hakukaa nao mkekani. Alisimama mlangoni, na ni yeye aliyekatiza.

"Muulizeni kama anazijua."

Bi Mwanahawa akanigeukia. "Unazijua?"

"Nazijua."

"Zote?"

"Zote tisa. Kwa kufuatana."

Nililetewa chakula, ugali wa muhogo na uyoga wa kuungwa karanga, nikala peke yangu huku wakibishana. Uyoga mtamu namna ile sijapata kula. Walipomaliza, Bi Mwanahawa aliniita nisogee.

"Sikiliza, baba. Sisi kila mmoja ana nyimbo mbili, tatu. Mfuatano hana mtu ila aliyelala humo, na mdomo wake umefungwa. Wewe ni mwanamume, ni Mngoni, na ni Mkristo. Hapo una makosa matatu. Lakini kilichokwisha ingia masikioni mwako sisi hatuwezi kukitoa. Utakitoa mwenyewe. Utakaa nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, uso shambani. Sisi tutakuwa ndani na mwenzetu. Utaimba mara moja. Ukimaliza, umemaliza. Huondoki nazo."

Ndugu zangu, pale ndipo nilipoelewa ninachoombwa. Kaseti ilikuwa imekwisha kufa, lakini moyoni nilikuwa nimejipa matumaini kwamba za kichwani ni zangu, nitarudi nazo Bombambili, mguu kwenye cherehani, asubuhi upande wa kwanza, mchana upande wa pili. Bila hizo, mchana wangu ungekuwaje? Niliona hata hasira. Nikasema, "Siondoki nazo, mama," na papo hapo nikapanga kudanganya. Nitaimba nane. Wa nne nitaubakiza. Mmoja tu, hautawapunguzia kitu.

Walinitandikia mkeka nyuma ya nyumba. Mbele yangu mihogo, nyuma ukuta wa udongo, na ndani ya ukuta nikawasikia wanawake wakikaa. Nikaanza. Sauti yangu ilikuwa mbaya, ya mtu aliyezoea kuimba na pini mdomoni, na maneno niliyatamka hovyo, maana ndani walinisahihisha mara kwa mara, nikarudia. Lakini walinielewa. Katika wimbo wa kwanza waliitikia kwa woga, wa pili wakafunguka. Mwaka mzima niliwasikia wanawake wa kwenye kaseti, sasa walikuwa wazima nyuma ya mgongo wangu. Wa tatu ukaisha. Nikavuta pumzi nikaingia wa tano.

Hawakuitikia. Niliendelea mistari miwili, peke yangu. Kisha ukutani, usawa wa kiuno changu, nikasikia kugongwa. Vidole, polepole, na si kwa nguvu. Nikanyamaza nikasikiliza. Ilikuwa ngoma ya wimbo wa nne. Wale wengine hawakujua kinachofuata ni kipi. Aliyejua ni mmoja tu, yule asiyesema, na alikuwa akinigongea kutoka kitandani kwake.

Sikuweza kumdanganya yule. Niliuimba wimbo wa nne, wote, na machozi yangu kama kawaida yake. Ulipoisha nikakohoa mara mbili. Wallahi sikukusudia. Mwaka mzima niliamini, bila hata kufikiri, kwamba kukohoa kule ni sehemu ya wimbo, na nilikohoa kwa mikwaruzo ile ile. Ndani wakaangua kicheko, kina mama wale wote, kicheko cha kushikana mbavu. Kisha kikageuka. Nikamsikia Asumini analia, anasema mama, mama.

Tukaendelea. Kuanzia wa sita sauti ya Asumini ilikuwa inanifuata nyuma kidogo. Wa saba tulikwenda sawa. Wa nane akatangulia. Wa tisa sikuumaliza mimi. Niliacha katikati, wao wakaendelea kana kwamba sikuwepo. Bi Mwanahawa akatoka akanipa kata ya maji, akaniambia nisukutue niteme. Sijui kama ndiyo mila yao au alijitungia siku ile. Nilisukutua, nikatema, nikamrudishia kata yake.

"Mpeleke mgeni barabarani," alimwambia Asumini. Kisha akasema, "Halafu urudi ndani, ukae nasi." Asumini akashika mlango kwa mkono mmoja, akasimama hivyo kwa muda.

Tuliongozana. Hakunishukuru, na ingenivunja moyo kama angenishukuru. Tulipofika penye njia ya magari nikamuuliza swali langu moja.

"Wimbo wa nne unasema nini?"

"Siwezi kukwambia, kaka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nikakubali. Tukakaa kwenye jiwe kungoja lori lililosemekana linatoka mpakani. Hapo akaniuliza, "Ulikuwa unamlilia nani?"

"Mke wangu."

"Anaitwa nani?"

Ninyi wenyewe ni mashahidi. Tangu tumzike sikulitaja, na ninyi kwa kunihurumia mkawa mnasema marehemu, marehemu, mpaka ikawa ndilo jina. Asumini hakunisaidia. Alikaa tu anangoja.

"Adelina," nikasema.

Akalirudia, "Adelina." Akaniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikaanza kumsimulia, jinsi nilivyomwona kwa mara ya kwanza amebeba kuni, jinsi alivyonicheka kofia. Nikasimulia mpaka lori likaja, na lilipokuja nilikuwa sijafika hata kwenye harusi.